Kiingereza cha kizamani kwenye makaratasi ya wazee: namna ya kukisoma usijidanganye

Mwaka jana aliingia mama mmoja hapa stesheneri, sisi tupo Ngamiani, Tanga, kaongozana na mtoto wa kaka yake, kijana wa chuo. Yule mama kafungua pindo la kanga katoa bahasha ya kaki, ndani kuna karatasi imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuachia, imechapwa kwa taipureta na wino umefifia ila unasomeka, mwaka 1957. Wanataka fotokopi tatu za kupeleka baraza la ardhi. Nikauliza karatasi ya nini, kijana akajibu kwa kujiamini, "hii ni hati, mwenye nyumba alimwachia babu nyumba, si umeona kimeandikwa." Akaniwekea kidole kwenye mstari wenyewe, "doth hereby let unto the said", alafu linafuata jina la babu yake. Yeye "let" anaijua ile ya "let me go", niache niende, kwa hiyo kasoma kwamba mwenye nyumba kamwachia babu nyumba. Na ukoo mzima ulishaamini hivyo, na watu wanaokaa kwenye ile nyumba walishaanza kuambiwa watafute pa kwenda.

"Let" pale ni kupangisha. Ukishuka mistari minne unakutana na "yielding and paying therefor the monthly rent of", na hapo imetajwa shilingi 30 kwa mwezi. Ni mkataba wa upangaji. Nilimwambia yule mama taratibu, shangazi kaa kwanza hapa kwenye kiti, tuisome yote tangu juu.

Nimechapa makaratasi ya wakili mmoja hapa mjini kwa miaka kadhaa kabla sijafungua hii stesheneri, na kitu nilichokiona ni kwamba maneno yanayowaumiza watu sio yale mageni. Neno kama "messuage" mtu akilikuta anajua halijui, anauliza. Linaloumiza ni lile analolijua tangu darasa la saba, kumbe zamani lilikuwa na maana nyingine, na yeye analipita bila hata kusimama. Kwa hiyo ukishika karatasi ya zamani lishuku kwanza neno rahisi.

Tanga tuna makaratasi haya mengi sana kwasababu ya historia yenyewe. Mwingereza aliuchukua mji huu kwa Mjerumani mwaka 1916 akakaa hadi uhuru wa 1961, na katikati hapo kulikuwa na mashamba ya mkonge, reli, bandari, maduka, na kila kitu kiliandikiwa mkataba, na lugha ya mkataba ilikuwa Kiingereza cha mawakili ambacho hata London kwenyewe watu wa kawaida walikuwa hawakiongei tena. Tangu mwaka 2021 sheria imesema lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, jambo ambalo mimi nalishukuru kila siku, ila karatasi ya 1957 haijabadilika na lazima mtu aisome.

Sasa tuanze. Kitu cha kwanza usianze kutafsiri neno kwa neno kutoka juu, utachoka mstari wa tatu. Hati za zamani saa ingine ni sentensi moja tu, yaani kurasa mbili nzima nukta iko mwisho kabisa, na wale waandishi waliogopa koma kama nini. Mifupa ya hiyo sentensi iko kwenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, yafuate hayo. "THIS INDENTURE" ndo mwanzo, hati hii. "BETWEEN" anataja nani na nani. "WHEREAS" ni kwa kuwa, hapo anaeleza yaliyotangulia, kwamba fulani alikuwa na kiwanja, kwamba fulani amekiomba. Alafu linakuja kubwa lao, "NOW THIS INDENTURE WITNESSETH", sasa hati hii inashuhudia, na hapo ndo kwenye jambo lenyewe, kabla ya hapo hakuna kilichouzwa wala kupangishwa. "TO HOLD" inakwambia kwa muda gani. "YIELDING AND PAYING" ni kodi. "IN WITNESS WHEREOF" wanasaini. Chukua penseli laini, au bora zaidi fanya fotokopi upige mistari kwenye kopi, zungushia hayo maneno makubwa kwanza, alafu soma kipande kimoja kimoja.

Hilo neno "indenture" lenyewe nalipenda sana. Zamani kule Uingereza waliandika mkataba mara mbili kwenye ngozi moja, wakaikata katikati kwa mkato wa meno meno kama msumeno, kila mtu akachukua kipande chake. Siku wakigombana wanaleta vipande, meno yakikaa sawa hakuna aliyeghushi. Ndani ya neno lile kuna jino, lile la Kilatini ambalo hata daktari wa meno kwa Kiingereza amelibeba kwenye jina lake.

Umeona "witnesseth" ina mkia wa "-eth". Huo mkia unawatisha watu bure, na sisi Waswahili ndo hautakiwi kututisha kabisa. Sisi tunaweka mtu mbele ya kitendo, u-naenda, a-naenda. Kiingereza cha zamani kiliweka alama nyuma, "goest" ni ya wewe, "goeth" ni ya yeye. Basi. "-est" ni u- yetu, "-eth" ni a- yetu. "Hath" ni ana, "doth" ni hufanya, "saith" ni asema. Ukishajua hilo unagundua pia makosa ya wale wanaoigiza, mtu anaandika "I hath" au "they goeth", hiyo ni sawa na kusema mimi anaenda.

Na kwenye viwakilishi ndo tumebarikiwa zaidi. Kiingereza cha leo kina "you" moja tu, mtu mmoja "you", watu mia "you". Cha zamani kilikuwa kama chetu. "Thou" ni wewe unayetenda, ile u- ya unanipenda. "Thee" ni wewe unayetendewa, ile -ku- ya nakupenda. "Ye" ni nyinyi mnaotenda, m-. "You" ilikuwa nyinyi mnaotendewa, -wa- ya nawapenda. "Thy" na "thine" zote ni -ako, "thine" ikitangulia neno linaloanza na irabu au ikisimama peke yake. Mswahili ukimwambia hivi anaelewa dakika mbili, mtoto wa Kiingereza mwenyewe inabidi akariri.

Waliopita madrasa wana faida ya pili. Umefundishwa anta na antum, wewe na nyinyi, na unajua kwenye Fatiha "iyyaka na'budu", Wewe tu tunakuabudu, ile -ka ni ya mmoja. Sasa Pickthall alipotoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiingereza mwaka 1930 na Yusuf Ali ya kwake 1934, watu karibu wote Uingereza na Marekani walikuwa wanasema "you", lakini wao waliandika "Thee". Yusuf Ali kaandika "Thee do we worship, and Thine aid we seek". Angalia hapo "Thine" kabla ya "aid", irabu. Wangeandika "you" Kiingereza kisingeonyesha kama anayeabudiwa ni mmoja, na pale ndo kwenye msingi wote wa maneno. Kwa hiyo mtu akikwambia ile ni mapambo tu ya kizamani mwambie hapana, ina kazi.

Kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ni hivyo hivyo. Kuna pale kwenye Luka 22 Yesu anamwambia Simoni Petro kwamba Shetani amewataka "you", alafu mstari unaofuata anasema nimekuombea "thee". Tafsiri za Kiingereza za leo zikiandika "you" na "you" inabidi waweke maelezo pembeni, la sivyo msomaji anadhani yote kaambiwa Petro peke yake. Sisi kwenye Kiswahili tunasoma amewataka ninyi, nimekuombea wewe, imeisha hiyo.

Ila hapa kuna kosa moja kubwa, watu wanadhani "thou" ni neno la heshima kwasababu wanalikuta kwenye sala. Ni kinyume. Baada ya Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, kuitawala Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na baadaye Waingereza wakaiga ile tabia ya kumwita mtu mmoja kwa wingi ili kumpa heshima, kama huku pwani mtu anavyosimama mlangoni anamwambia mzee mmoja "karibuni". "You" ikawa ya mkubwa, "thou" ikabaki ya mtoto, mtumishi, rafiki wa karibu, mpenzi, na Mungu pia kwasababu ya ukaribu na umoja wake. Kumwita mtu mzima asiye wa karibu "thou" ilikuwa kumvunjia adabu. Mwaka 1603 kwenye kesi ya uhaini ya Walter Raleigh, mtu mkubwa wa enzi ile, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrushia maneno "I thou thee, thou traitor", nakuita wewe, wewe msaliti, yaani ile kumwita wewe tu peke yake ilikuwa tusi mahakamani. Alafu kila mtu akataka heshima, "you" ikaenea, "thou" ikafa kwenye mazungumzo ya kawaida.

Nalisema hili kwasababu ya kadi za harusi. Kuna kijana alitaka nimchapie kadi 150, kaja na maneno kayatoa kwenye intaneti, "Thou art cordially invited", na kadi zinaenda kwa Bwana na Bibi fulani, yaani watu wawili, wengine wajomba zake na mashangazi. "Thou" ni mmoja, na ni wa karibu au wa chini yako. Nilimuuliza, wewe ungemwandikia mjomba na mkewe "wewe njoo"? Akabadilisha ikawa "you", na ni sahihi kabisa, maana "you" ndo ilikuwa ya heshima tangu zamani zile.

Tuingie kwenye maneno marefu yanayoanza na "here", "there" na "where". Haya yanaonekana magumu kwasababu yamegandishwa, wewe yavunje alafu uyasome kwa kurudi nyuma. "Thereof", anza na "of" alafu "that", ya hicho. "Herein", ndani ya hii. "Whereof", ambayo kwayo. Kwenye hati badilisha "here" iwe hati hii, na "there" iwe kile kitu kilichotajwa sasa hivi. "Hereinafter" ni hapo mbele ndani ya hati hii, na kwa kawaida linakuja na "called", yaani ambaye kuanzia hapa tutamwita Mpangaji. "Heretofore" ni kabla ya hii. "The aforesaid" na "the said" ni tajwa, mtajwa hapo juu, na usilidharau "the said" kwasababu lina maana ni yule yule na kile kile, sio nyumba nyingine ya mtu huyo huyo.

"Wherefore" peke yake liweke pembeni kwenye kichwa chako. Linaonekana kama wapi, ni kwa nini. Juliet wa Shakespeare anaposema "wherefore art thou Romeo" watu wengi wanamuona kama msichana anamtafuta mtu gizani, uko wapi Romeo, kumbe anauliza kwa nini wewe uwe Romeo, kwa nini katika watu wote uwe mtoto wa ukoo tuliogombana nao. Ukikosea hapo umekosa mchezo mzima. Kumbuka "therefore" ni kwa hiyo, "wherefore" ni kwa nini, ni ndugu.

Maneno ya mahali yana mpango mzuri. Zamani walitofautisha kukaa, kuja na kutoka. "Here" yupo hapa, "hither" anakuja hapa, "hence" anatoka hapa. "There, thither, thence." "Where, whither, whence." Ukiona "-ither" mtu anaelekea, ukiona "-ence" anatoka. Sisi tunasema hapa na huko tu, mwelekeo tunauacha kwenye kitendo. "Hence" wengi tunaijua ya kwa hiyo, lakini kwenye barua "three months hence" ni miezi mitatu kuanzia leo. "Ere" ni kabla, "anon" ni punde, "nigh" karibu, "yonder" kule pale, "betwixt" baina ya, "lest" ni isije ikawa, "fortnight" ni wiki mbili, siku 14, wazee wa ofisini wanaitumia mpaka leo. "Score" ni 20, kwa hiyo "threescore and ten" ni 70.

Sasa yale maneno marafiki wa uongo. Hapa kaa utulie maana ndo kwenye nyumba na mirathi za watu.

"Issue". Vijana wote tunasema ishu, ishu gani, hakuna ishu. Kwenye wosia au karatasi ya mirathi "issue" ni uzao, watoto na wajukuu wa damu. "Died without issue" ni alifariki bila kuacha mtoto. Nimeshamsikia mtu mzima anaisoma kwamba marehemu kafa vizuri bila matatizo, na pale palikuwa pameandikwa kwamba kaka yao mkubwa hakuwa na mtoto, na ndo sababu shamba lilirudi kwa wadogo zake. Mstari mmoja huo ulikuwa ndo jibu la swali walilogombania.

"Infant". Sio mtoto mchanga. Kwenye sheria za Kiingereza za wakati ule ni yeyote ambaye hajafika umri wa utu uzima, na umri huo Uingereza ulikuwa miaka 21 mpaka walipobadilisha sheria mwaka 1969. Kwa hiyo ukikuta shangazi yako anaitwa "infant" kwenye karatasi usihesabu kwamba alizaliwa mwaka ule ule, anaweza akawa na miaka 19 na kashaolewa.

"Determine" kwenye mkataba wa nyumba ni kukoma. "This lease shall determine" ni upangaji huu utakwisha, sio utaamuliwa. "Demise" kila mtu anajua ni kifo, kwenye hati ni kupangisha, "the demised premises" ni nyumba iliyopangishwa na hakuna aliyefariki. "Quiet enjoyment" sio starehe ya kimya kimya, ni haki ya mpangaji kukaa bila kusumbuliwa na mwenye nyumba. "Distress" sio dhiki, ni mwenye nyumba kushika vitu vya mpangaji kwasababu ya kodi aliyolimbikiza. "Consideration" sio kufikiriwa, ni malipo, "in consideration of the sum of" ni kwa malipo ya kiasi fulani, na hicho ndo kinachotofautisha kuuza na kupewa zawadi, kitafute. "Execute" ni kusaini na kukamilisha hati. "Instrument" ni hati yenyewe. "Hand" ni sahihi. "Moiety" ni nusu, hili wengi hawalijui kwa hiyo wanauliza, afadhali. "Messuage" ni nyumba pamoja na uwanja na mabanda yake, na "appurtenances" ni vile vinavyoambatana nayo kama njia ya kupita na kisima. Ukikuta hilo la mwisho usilipite, kuna majirani wameacha kusalimiana kwasababu ya njia ya kupita.

Kwenye vyeti vya ndoa utakuta "spinster". Leo ukimwita mwanamke hivyo umemtukana, lakini kwenye cheti lilikuwa na maana moja tu, hajawahi kuolewa. Asili yake ni mwanamke anayesokota nyuzi. Uingereza kwenyewe wameacha kuliandika kwenye vyeti mwaka 2005. "Relict" ni mjane. "Natural son" ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na mara nyingi waliliandika hivyo kwa staha, kwa hiyo ukilisoma mbele ya familia jiulize kwanza nani yupo kwenye chumba.

Nje ya hati pia yapo. "Want" ni kupungukiwa, ile Zaburi ya 23 "I shall not want" sio sitataka, na Kiswahili chetu kimeipata vizuri, sitapungukiwa na kitu. Ukikuta kwenye ripoti ya nyumba "in want of repair" ni inahitaji matengenezo. "Suffer" ni kuruhusu, "suffer the little children" ni waacheni watoto. "Let" ya mwaka 1611 saa ingine ni kuzuia, kinyume kabisa na ya leo, kwa hiyo hilo neno peke yake lina maana tatu, kuruhusu, kupangisha, kuzuia. "Meat" ni chakula chochote. "Corn" ni nafaka, usikimbilie mahindi. "Quick" ni hai, "the quick and the dead" ni walio hai na wafu. "Ghost" ni roho, wale mapadri waliofika Bagamoyo mwaka 1868 kwa Kiingereza waliitwa "Holy Ghost Fathers", Mababa wa Roho Mtakatifu, hakuna mzimu pale.

Barua za ofisi zina vifupisho vitatu na ukivikosea unakosea tarehe, na tarehe kwenye kesi ni kila kitu. "Inst." ni mwezi huu huu. "Ult." ni mwezi uliopita. "Prox." ni mwezi ujao. Barua ya tarehe 3 Machi 1954 ikisema "your letter of the 27th ult." anazungumzia barua ya 27 Februari. Alafu mwisho utakuta "I have the honour to be, Sir, your obedient servant" na sahihi ya mkubwa. Mzee mmoja alinionyesha barua kama hiyo akaniuliza kwa nini bwana shauri, yule afisa wa serikali ya kikoloni, alimwandikia baba yake kwamba ni mtumishi wake mtiifu. Ni desturi ya kufunga barua, mkubwa aliiandika hata kwa mdogo. Na sisi tumeirithi, si unaandika "wako mtiifu" kwenye barua ya kuomba kazi? Hata shikamoo wazee wanatwambia ni kushika miguu na leo hakuna anayeinama akilisema. "Goodbye" nayo ilikuwa dua, Mungu awe nanyi, "God be with ye".

Kwenye kutafuta maana, programu za kutafsiri za kwenye simu mara nyingi zinakupa maana ya leo, kwa hiyo kwa maneno rahisi ndo zitakudanganya zaidi. Tumia kamusi inayoweka alama. "Obsolete" ni limekufa kabisa, "archaic" limezeeka ila bado linatumika kwa makusudi, kwenye sala au sheria au ushairi, "dated" ni la wazee. Kamusi ya Webster ya mwaka 1828 ipo bure kwenye intaneti, na ya Samuel Johnson ya 1755 pia, hizo ni nzuri kwa maandiko na mashairi. Kwa makaratasi ya hapa kwetu ya miaka ya 30 hadi 50 kitu ninachokitegemea mimi ni ile kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Frederick Johnson iliyotoka 1939, kwasababu ni Kiingereza cha wakati ule ule na kimewekwa kwenye Kiswahili cha wakati ule ule. Ukiikuta kwa muuza vitabu chakavu usiiache.

Neno ukilipata liandike na sentensi yake, sio peke yake. Mimi nina daftari kubwa, upande wa kushoto sentensi nzima ya Kiingereza, kulia Kiswahili, chini mwaka wa karatasi. Mwaka ni muhimu, "presently" ya zamani sana ni sasa hivi hivi, ya baadaye ni baada ya muda kidogo. Na kama karatasi inahusu ardhi, mirathi au ndoa, ukishaielewa peleka kwa wakili, utakuwa unamuuliza maswali ya maana na hatakuzungusha.

Kuyatumia mwenyewe, mimi nasema hati mpya andika kwa lugha ya leo, na Kiswahili chetu kinatosha kabisa. Mtu akija nimchapie mkataba wa kupangisha chumba akataka "hereinafter" ili uonekane wa kisheria namuonyesha kwamba "mwenye nyumba", "mpangaji", "kodi", "mwezi wa notisi" vinambana mtu vile vile na wote wawili wameelewa walichosaini. Ya zamani yaache kwenye shairi, igizo la shule, sala, na hapo uyatumie sawa sawa, "thou" na "-est", "he" na "-eth".

Yule mama tulikaa naye karibu saa mbili. Nilichapa Kiswahili upande wa pili, kifungu kwa kifungu, nikampa kijana asome kwa sauti. Alipofika kwenye kodi ya shilingi 30 alinyamaza, akarudia, akamgeukia shangazi yake akamwambia "babu alikuwa mpangaji." Mama akasema nilijua alikuwa analipa, nilikuwa natumwa mimi kupeleka zile hela nikiwa mdogo, ila mliposema imeandikwa nikaogopa kubishana na maandishi. Wakaacha kwenda baraza. Badala yake waliniomba barua kwa wale watu wa kwenye nyumba, fupi, ya Kiswahili, ya kuomba radhi, ikaenda na mjomba wao.

Yule mama akataka niilaminishe ile karatasi isichakae na nikakataa. Ukilaminisha karatasi ya zamani ule moto na plastiki haitoki tena, na siku ikitakiwa kukaguliwa wino au sahihi utakuwa umejifungia. Iskani, toa fotokopi za kutosha za kushikashika, yenyewe iweke bapa bila kukunja kwenye bahasha safi, mbali na jua na unyevu wa huku kwetu baharini, wala usibandike selotepu kwenye mikunjo. Nilimpa bahasha kubwa ya A4 na kipande cha kadibodi cha kuibebea.